Félix Hernández ana ushindi 169 tu: je, anastahili Cooperstown?

Mkuu, umeuliza mrushaji mwenye ushindi 169 ana biashara gani kwenye Jumba la Umaarufu la besiboli kule Cooperstown, wakati wapo wenye 250 na zaidi. Nitamfikia Félix, ila naomba nianze na mwenye ushindi mchache kuliko yeye, Johan Santana, kwa sababu huyo nilimwona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 19 Agosti 2007, Minneapolis. Nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, macho mekundu, Mkisii mmoja niliyekuwa napanga naye akanivuta mpaka Metrodome, uwanja wa Minnesota Twins, timu ya Santana. Wakati huo besiboli kwangu ilikuwa dawa ya usingizi. Santana akarusha iningi (vipindi vya mchezo) 8, akawatoa kwa straiki, yaani straikauti, wapigaji 17 wa Texas Rangers. Walipata hiti (mipigo halali ya kumfikisha mpigaji kwenye besi) mbili tu, zote za Sammy Sosa. Kilichonizindua ni ule mpira wake wa kudanganya. Mkono unakuja na kasi ileile ya mpira wa nguvu, mpigaji anazungusha gongo, kumbe mpira bado uko njiani! Mibaba inayolipwa mamilioni ilikuwa inapiga hewa kama inafukuza nyuki.

Matokeo: 1-0. Sasa hapo ndipo jibu langu lilipo. Twins wasingepata ule mkimbio mmoja, Santana angerudi nyumbani bila ushindi, na straikauti zake 17 zingebaki palepale. Ushindi anaandikiwa mrushaji, lakini mikimbio inaletwa na wenzake. Mwaka 2005 tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, alipewa Bartolo Colón kwa sababu ya ushindi 21. ERA yake, yaani wastani wa mikimbio ya halali anayoruhusu kwa kila iningi 9, ilikuwa 3.48. Santana alikuwa na ushindi 16 na ERA 2.87. Alichukua tuzo hiyo 2004, akaichukua tena 2006, mara zote mbili kwa kura zote za nafasi ya kwanza. Wangeangalia vizuri 2005, angekuwa na tatu mfululizo, na mjadala huu usingekuwepo.

Maana mwenye tatu ni Sandy Koufax, mrushaji wa Dodgers aliyeko kwenye Jumba, ambaye hakuna anayemhoji. Koufax aliacha 1966 akiwa na miaka 30, mkono umeisha, ushindi 165. Santana aliishia 139. Koufax ana ERA 2.76, Santana 3.20, lakini Koufax alirushia kwenye tuta refu la mrushaji, lililowapa warushaji faida, kabla halijashushwa 1969, na nyumbani kwake Los Angeles palikuwa pagumu kwa wapigaji. Ukilinganisha kila mmoja na ligi ya wakati wake na viwanja vyake, ambapo 100 ndiyo kawaida na kubwa zaidi ndiyo bora, Koufax ana 131 na Santana 136. Sisemi Santana ni Koufax. Koufax aliiwasha Oktoba, mwezi wa fainali, ana ERA 0.95 kwenye fainali za World Series. Santana fainali hizo hakuzigusa, na hilo mimi nalihesabu dhidi yake.

Jingine linaloniuma ni bega. Alifanyiwa upasuaji 2010, akakosa msimu mzima wa 2011, halafu tarehe 1 Juni 2012 akawapa New York Mets, timu aliyohamia, mechi yao ya kwanza katika historia ambayo wapinzani hawakupata hata hiti moja. Alirusha mipira 134. (Ndiyo, mpira wa Carlos Beltrán, mpigaji wa wapinzani, uligusa mstari na ulistahili kuwa hiti, mwamuzi akasema uko nje. Tusiufufue leo.) Agosti ya mwaka huohuo alirusha mechi yake ya mwisho kwenye ligi kuu.

Waandishi wanaopiga kura za Jumba wakamfanyaje? Mwaka 2018 alipata kura 10 kati ya 422, asilimia 2.4. Chini ya asilimia 5 jina linafutwa, na kila mwandishi anaruhusiwa majina 10 tu kwenye karatasi ambayo mwaka ule ilikuwa imefurika. Mwaka huohuo mrushaji Jack Morris akaingia kupitia kamati ndogo, ushindi 254, ERA 3.90. Morris alinipa raha na iningi zake 10 za mechi ya mwisho ya World Series ya 1991 nilipokuja kuziangalia kwenye mkanda, lakini ukinipa mechi moja ya kufa na kupona, namchukua Santana wa 2004 bila kufikiri.

Sasa Félix. Mwaka 2010 alichukua Cy Young akiwa ameshinda 13 na kupoteza 12, kwa ERA 2.27. Waandishi walishaanza kuelewa. Miaka yake yote alikuwa Seattle, timu ambayo akiwa nayo haikufika mechi za mtoano hata mara moja, kwa hiyo hizo 169 zipime kwa hali hiyo. Ana straikauti 2,524 na ile mechi kamili ya Agosti 2012, ambapo hakuna mpinzani aliyefika hata besi ya kwanza. Tatizo lake ni kwamba baada ya miaka 30 aliporomoka vibaya, na ERA ikapanda mpaka 3.42. Mimi ningempa kura, ila baada ya kusita. Mwaka wake wa kwanza, 2025, alipata asilimia 20.6. Si nyingi, inatakiwa 75, lakini amebaki kwenye karatasi na anaweza kujadiliwa hadi miaka 10. Santana alipewa mmoja.