Memori imeandikwa GB 64, ndani mna GB 8: namna ya kuibaini mapema

Simu ikikuonyesha kwamba memori kadi ina GB 64, haijapima kitu. Imeiuliza kadi, kadi imejibu, yamekwisha. Jibu hilo hutoka kwenye kichipu kidogo ndani ya kadi, kinachoamua data iandikwe wapi na isomwe wapi, na programu ya kichipu hicho inabadilishika. Mchakachuaji huchukua kadi ya GB 8, huielekeza ijitangaze kuwa ya GB 64, 256 au hata TB 2, akachapa jina la kampuni kubwa juu yake, mzigo ukaingia sokoni. Ukiichomeka kila kitu kinakwenda sawa, maana zile GB 8 za kwanza ni za kweli na zinafanya kazi.

Balaa huanza zikijaa. Kadi nyingine huendelea kupokea data na kuitupa kimyakimya. Nyingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya data ya zamani. Ni kama gesti yenye vyumba 8 ambayo daftari lake lina vyumba 64: mgeni wa tisa anapewa ufunguo wa chumba namba 1, mizigo ya aliyetangulia inatupwa nje, na daftari bado linaonyesha wote wamelala salama. Majina ya faili na ukubwa wake huhifadhiwa mwanzoni mwa kadi, sehemu ambayo ipo kweli. Kwa hiyo picha zote za send-off utaziona kwenye orodha, kila moja na MB zake, ila ukibonyeza inakuja kijivu, au nusu ya juu ni bibi harusi na nusu ya chini ni michirizi ya rangi. Watu wengi hapa husingizia virusi. Wengine huambiwa na simu kwamba kadi imeharibika, ifomatiwe. Wanafomati, GB 64 zinarudi pale pale, wanaendelea kujaza. Kufomati hakuufichui uongo huu wala hakuuondoi.

Dukani macho husaidia kidogo. Kisanduku kizuri na stika inayong'aa havithibitishi chochote, hivyo navyo huchapwa. Bei inasema zaidi: microSD halali ya TB 1 ni ya laki kadhaa za Tanzania, ukitajiwa elfu ishirini usisumbuke hata kuipima. Angalia pia herufi. Alama ya HC mwisho wake ni GB 32. Kuanzia hapo hadi TB 2 kadi inapaswa kuandikwa XC. Iliyoandikwa GB 128 huku ina HC imejishtaki yenyewe. Lakini usimgombeze muuzaji kwa sababu kompyuta inaonyesha pungufu kidogo. Watengenezaji huhesabu GB 1 kuwa baiti bilioni 1, Windows huhesabu baiti 1,073,741,824, hivyo kadi halali ya GB 32 huonekana kama 29 na ushee, ya 64 kama 58 au 59, ya 128 kama 119 hivi.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni hiki: ijaze yote, kisha isomwe yote na kulinganishwa na kilichoandikwa. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na H2testw, programu ya bure isiyohitaji kusakinishwa. Ilitolewa na jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, usishangae ikifunguka kwa Kijerumani. Chagua English pale juu.

Kama kadi ina vitu, vihamishe kwanza na uifomati, kwa sababu kipimo huandika kwenye nafasi tupu pekee na sehemu iliyokaliwa haitaguswa. Bonyeza Select target, chagua kadi yako, na hakikisha herufi inayoonyeshwa (mfano E:) ni ya kadi kweli, siyo ya diski ya kompyuta. Acha alama kwenye all available space, kisha bonyeza Write + Verify. Itaanza kutengeneza mafaili ya GB 1 yanayoishia na .h2w.

Sasa subira. Kadi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua kama saa 1 na dakika 45 kuandika tu, kabla ya kusoma. Izuie laptop isilale katikati, na kama umeme wenu ni wa kukatikakatika usitumie kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba. Kadi rida (kifaa cha kuchomekea kadi kwenye kompyuta) za bei chee na tundu la USB lililolegea ndivyo vinavyoharibu vipimo vingi: kadi inajitoa, makosa yanajaa kwenye skrini, kadi nzima inaitwa feki. Matokeo yakiwa mabaya rudia kwa kadi rida nyingine kabla ya kwenda Kariakoo au Luthuli ya Nairobi kugombana na mtu.

Ukiona Test finished without errors, kadi ni nzima. Ukiona The media is likely to be defective, soma mistari inayofuata, usiishie hapo. Ikisema 7.4 GByte ziko OK na zaidi ya 50 ni DATA LOST, hiyo ni kadi ya GB 8 iliyovalishwa sare ya GB 64. Neno overwritten likiwa na namba kubwa mbele yake, umekutana na ile inayorudi mwanzo. Ikiwa kilichopotea ni MB chache tu na mengine yote yapo, mara nyingi haikuchakachuliwa, inakufa tu au kadi rida ina matatizo. Chini kabisa kuna kasi ya kuandika. Kadi yenye alama ya duara namba 10, au U1, haipaswi kushuka chini ya MB 10 kwa sekunde; U3 na V30 ni MB 30. Mpiga video wa harusi aitazame namba hiyo kwa makini kuliko mtu mwingine, maana kadi ya polepole husimamisha kamera katikati ya keki.

Wa Linux na Mac wana programu iitwayo F3, inayotumika kwa kuandika amri kwenye Terminal. Kwa Ubuntu ni sudo apt install f3, halafu f3write ikifuatwa na njia ya folda ya kadi, kisha f3read na njia ile ile. Kwa Linux ipo pia f3probe, ambayo hutumia dakika chache badala ya saa nzima. Ukiipa --destructive inafuta kila kitu, na hufanya kazi kwenye kifaa kizima, mfano /dev/sdb, kwa hiyo anza na amri ya lsblk ujue kadi yako ni ipi. Herufi moja ikikosewa, unayoifuta ni diski ya kompyuta.

Huna kompyuta? Simu inaweza, ila kwa utaratibu. Kopi video kubwa kwenye kadi hadi ikaribie kujaa, na ziwe video tofauti. Video moja iliyokopiwa mara 40 inaweza kukudanganya: kadi inayorudi mwanzo huandika video ile ile juu ya video ile ile, ukaona zote zinacheza. Kisha zima simu, toa kadi, irudishe, washa. Usiporuka hatua hii utakuwa unaona kadi, ukiiruka utakuwa unaona kumbukumbu ya simu. Fungua video ya kwanza, za katikati na ya mwisho, na uburute hadi mwisho wa kila moja. Picha ndogo za kwenye galari si ushahidi, simu huzihifadhi pembeni.

Kabla ya kulipa muulize muuzaji: nikiipima ikakosa, nabadilishiwa? Chukua risiti, pima siku hiyo hiyo, piga picha skrini ya majibu. Wauzaji wengi wenyewe wameuziwa kwa jumla bila kujua, na picha ile inawapa pa kuanzia kwa aliyewaletea mzigo.

Iliyokataliwa kurudishwa inaweza kukatwa ibaki na ukubwa wake halisi. Kwenye Windows fungua Disk Management, futa sehemu iliyopo kwenye kadi, tengeneza mpya ya MB 7,000 kama kipimo kilikuta GB 7.4, na uache zilizobaki bila kuzigusa. Ipime tena. Iandike kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu simu au kamera ikiifomati uongo wote unarudi. Kazi yake iwe kurushiwa nyimbo za kwenye gari, basi.

Kama picha zimekwishapotea, acha kuandika chochote kwenye kadi na jaribu PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha mafaili yaliyopotea. Itapata zilizomo ndani ya GB za kweli. Zilizotupwa hazikuwahi kuandikwa popote, na zilizoandikwa juu yake na nyingine hazipo tena, hivyo fundi anayeahidi kurudisha zote mlipe kwa kilichopatikana tu.

Zile diski za nje za TB 16 zenye sura ya SSD (diski ya kisasa ya kasi) ni mchezo huo huo. Zikifunguliwa hukutwa memori kadi imegandishwa kwa gundi kwenye kadi rida. Usijaribu kuzijaza: kwa MB 30 kwa sekunde ungehitaji siku 6. Tumia f3probe, au ValiDrive kwa Windows, ambazo hupima sehemu chache zilizotawanyika na kutoa jibu kabla chai haijapoa.