Jibu: Petroli Arusha kuizidi Tanga, na bomba la Uganda

Mkuu, salama. Umeuliza kwa nini petroli ya Arusha inaizidi ya Tanga, na kama bomba la mafuta la kutoka Uganda hadi Tanga litatupunguzia bei. Kwanza angalia bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo kituo kinaruhusiwa kuuzia. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitoa Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, piga *152*00# ulinganishe na risiti yako (dai risiti!). Kituo kikizidisha, kishitaki EWURA. Isipozidi, tofauti hiyo hasa ni nauli ya lori la mafuta kutoka bandarini, nami mwenye Noah ya Moshi nailipa kila siku. Bomba ni la mafuta ghafi ya kupakiwa melini, na kiwanda cha kuyasafisha hatuna, kwa hiyo usitegemee litupunguzie bei. Tunachochimba sisi ni gesi asilia, kule Songo Songo na Mnazi Bay. Ukichoka na petroli, funga mfumo wa gesi hiyo (CNG, siyo mtungi wa jikoni) kwenye gari.