Ekzosi za Subaru za turbo: maswali yenu ya wiki hii

Wadau, maswali ya safari hii karibu yote ni ya Impreza WRX na Forester za turbo za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Magari matamu sana, lakini yameshafika miaka 20 na ushee na ekzosi zimechoka. Kabla sijajibu hata moja, shikeni hili: jiulize kwanza inavuja kabla ya turbo (ile feni inayosukumwa na moshi ili iingize hewa zaidi kwenye injini) au baada ya turbo. Ikivuja baada unapata kelele zaidi, ikivuja kabla unapoteza nguvu.

WRX yangu ya 2003 nikiwasha asubuhi inagonga tik tik tik chini ya injini, ikipata moto inanyamaza. Fundi anasema ni valvu anataka kufungua injini. Mafuta nayo inakula balaa. (Mwanza)

Mkuu usimruhusu afungue injini bado. Mlio wa asubuhi unaoisha injini ikipata moto mara nyingi ni moshi unavuja, chuma kikipata joto kinatanuka na ule ufa unajiziba. Subaru matundu ya moshi yako chini ya hedi (kifuniko cha silinda), kwa hiyo manifoldi, yaani mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, inakaa chini kabisa, inakula matuta na maji ya barabarani yanairukia ikiwa ya moto, ndio maana inapasuka. Fungua yale mabati ya kuzuia joto maana yanaficha ufa, halafu angalia kwenye maungio na gasketi kama kuna masizi meusi. Kama huoni kitu, gari ilale mpaka asubuhi, iwe nje sio ndani ya gereji, mtu awashe huku mwingine ameziba bomba la nyuma na tambara nene lililolowa, wewe nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio na penye povu ndio hapo hapo. Fanyeni haraka kabla chuma hakijapata moto.

Sasa mafuta. Kama ufa uko kabla ya oksijeni sensa (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi), hewa ya nje inapenya, sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza, na wewe unabadilisha plagi na sensa bure wakati tatizo ni gasketi.

Nikiwa foleni nasikia harufu ya moshi ndani ya gari, ni kawaida kwa gari ya zamani? (Mbagala)

Hapana, sio kawaida kabisa. Hiyo harufu unayosikia ni ya vitu vingine, kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu wala rangi na inaua, kichwa kinaanza kuuma, unasinzia, basi. Usipakie watoto humo mpaka ekzosi ikaguliwe yote kuanzia injini hadi nyuma, pamoja na raba ya mlango wa buti, maana moshi unaweza kuingilia hapo.

Sailensa imetoboka, nipige kiraka au nitafute used? (Tanga)

Chukua bisibisi gonga pembeni ya tundu. Kama chuma kinabonyea au kinamwaga unga wa kutu, kiraka hakina pa kushika, leo kinachomelewa na baada ya muda mfupi kinatoboka pembeni yake. Kutu ya ekzosi inaanzia ndani, petroli ikiungua inatoa maji, na ukiwa na safari fupi fupi sailensa haipati joto la kuyakausha, halafu huko Tanga kuna chumvi ya bahari juu yake. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa, unga kipande kipya cha bomba chenye kipenyo kile kile. Mwambie fundi achomoe betri na oksijeni sensa kabla ya kuchomelea, na waya wa athi aubane karibu na anapochomelea, sio kwenye injini. Boliti zenye kutu zipakwe mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia, ukilazimisha studi inakatikia kwenye hedi na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Afu kuna katundu kadogo ka duara chini ya sailensa nyingi, kamewekwa kiwandani ka kutolea maji. Hako usizibe.

Fundi anasema nitoe masega (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, catalytic converter) gari iwe nyepesi, atafanya bure. (Mbezi)

Anafanya bure kwa sababu masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, atayauza. Wewe unabaki na taa ya injini inawaka, na watoto wa mtaani kwenu wanavuta ile sumu. Kama yameziba kweli, gari itakuwa nzito na resi haipandi, basi tafuta kwanza kwa nini yameziba, aidha injini inakosa moto silinda mojawapo au inakula oili, maana ukifunga mapya bila kurekebisha hilo nayo yatakufa.

Nikibadilisha manifoldi, ule mlio wa Subaru utapotea? (Nairobi)

Inategemea unafunga ipi. Ule mngurumo unatokana na mabomba ya manifoldi kutolingana urefu, moshi wa kila silinda unafika turbo kwa muda unaopishana. Ukifunga yenye mabomba sawa mlio unakuwa laini. Kama unaupenda tafuta ya aina ile ile ya kiwandani, na gasketi zote chukua mpya.