Mfumo tata, mfumo changamani au mfumo changamano?

Swali: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Kisumu. Sura ya pili ya tasnifu yangu inapitia tafiti zilizofanywa kwa kompyuta kuhusu mambo kama msongamano wa magari, kuenea kwa magonjwa na mabadiliko ya samaki ziwani. Niliifungua hivi: "Sura hii ni uhakiki wa tafiti zilizotumia mbinu za kikompyuta kuchunguza mifumo tata." Msimamizi wangu amelikata neno "tata" kwa kalamu nyekundu na kuandika "changamani" pembeni, naye mwenzangu wa chumbani anashikilia kwamba ni "changamano". Nifuate lipi? Na hayo mengine yaliyosalia katika sentensi yangu ni sawa?

Jibu: Sijambo, msomaji wangu. Msimamizi wako alifanya vyema kulikata neno "tata", ila alichokiandika pembeni hakinishawishi, na ninaona kwamba mwenzako wa chumbani ndiye aliye karibu zaidi na mantiki ya Kiswahili.

Unachokizungumzia ni kile Waingereza wanachokiita "complex systems", yaani mifumo ya sehemu nyingi zinazoathiriana hata zikazaa tabia ambayo hakuna sehemu moja iliyo nayo peke yake. Tuanze na "tata", kwa kuwa ndilo linalowaponyoka wengi. Mwanafunzi aliyesomea Kenya amelizoea neno hili tangu shuleni, ambako sentensi tata ni sentensi yenye maana zaidi ya moja. Ukisema "Otieno alimpigia Wafula mpira", msikilizaji hawezi kujua kama mpira ulielekezwa kwa Wafula, ulipigwa kwa niaba yake, au ndio uliosababisha achapwe. Nje ya darasa, vyombo vyetu vya habari vimelivuta neno hilo hilo upande mwingine, na sasa tunasoma kila siku kuhusu mswada tata, kesi tata na mhubiri tata, yaani jambo au mtu anayezua ubishi. Kwa hiyo msomaji wa Nakuru akikutana na "mifumo tata" bila maelezo, atafikiria mfumo wa malipo unaolalamikiwa na wafanyakazi, wala hatafikiria kundi la ndege wanaogeuka angani kwa pamoja bila kiongozi.

Hata tukiziweka kando maana hizo mbili, neno lenyewe lina asili ambayo haikufai. Nenda ufuo wa Dunga, huko huko Kisumu, asubuhi, baada ya mashua kurudi, umtazame mvuvi aliyeketi mchangani akiwa na wavu uliojisokota pamoja na vipande vya gugu maji. Wavu umetatana. Anashika uzi mmoja, anaufuata hadi kwenye fundo, analegeza, anashika mwingine, na kufikia adhuhuri wavu umenyooka, na ni wavu ule ule wa jana, haukupungua wala kuongezeka. Kazi hiyo kwa Kiswahili ni kutatua. Kitenzi "tatua" ni kinyume cha "tata" kama "fungua" ulivyo kinyume cha "funga" na "kunjua" kinyume cha "kunja". Kilicho tata, basi, ni kile kinachosubiri mtatuzi, na akishafika, tatizo limekwisha. Injini ya lori inaweza kuwa tata kwa maana hii: fundi ataifungua yote, atapanga vipande juu ya turubai, atairudisha, nayo itanguruma.

Mambo unayoyapitia katika sura yako si ya aina hiyo, na hapa ndipo "changamana" linapoingia. Kitenzi hiki ni cha ukoo wa "songamana", "shikamana", "fungamana", "andamana" na "tangamana". Ukivipanga pamoja utaona kwamba vyote vinabeba mnyambuliko ule ule wa -amana, na kwamba mara nyingi vinadai kiima cha wingi, au kama kiima ni kimoja, basi kifuatwe na "na" ya kumtafutia mwenzake. Mtu mmoja haandamani; huandamana na mwingine. Gari moja halisongamani, hata likisimama katikati ya barabara kutwa nzima. Msongamano ni jambo la magari yakiwa pamoja, na ukiligeuza gari lolote kati yake juu chini ukitafuta msongamano ulipo, hutaupata kwenye injini wala kwenye magurudumu.

Kila Desemba, watu wanapotoka Nairobi kwenda magharibi kwa sherehe, sisi wa Nakuru tunaona foleni ikienea kuelekea Mau Summit, kisha baada ya saa mbili inayeyuka, na anayeuliza "ajali ilikuwa wapi?" anajibiwa kwamba hapakuwa na ajali. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo bila shaka umelitaja katika sura yako. Walipanga magari 22 kwenye barabara ya duara yenye mzingo wa mita 230, wakawaambia madereva waende kwa mwendo sawa, na baada ya muda foleni ikajizua yenyewe, huku wimbi la kusimama likirudi nyuma kinyume na magari yanakokwenda. Hapakuwa na mlima, taa wala askari. Wajerumani Kai Nagel na Michael Schreckenberg walikuwa wameshaonyesha jambo la aina hiyo kwa kompyuta mwaka 1992, kwa kuigawa barabara katika visanduku na kulipatia kila gari kanuni chache tu: ongeza mwendo, punguza ukikaribia aliye mbele, mara moja moja punguza bila sababu, kisha songa. Wataalamu wa fani hii huliita jambo hilo sifa inayoibuka kutokana na wengi kuathiriana. Mimi naona kwamba -amana imekuwa ikilisema siku zote.

Kuna ushahidi mwingine ndani ya lugha, na kwangu mimi ndio mzito zaidi. Kama "tata" lilivyo na "tatua", "changanya" lina kinyume chake, nacho ni "changanua". Ndilo neno unalolitumia katika sura yako ya nne, uchanganuzi wa data. Tofauti ni kwamba aliyetatua amemaliza, ilhali aliyechanganua amepata vipande na bado ana deni la kueleza vilivyokuwa vikitenda vilipokuwa pamoja. Tazama ziwa lenu, Victoria. Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, aliletwa katika miaka ya 1950, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, na aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, zikatoweka. Omena, yaani dagaa, akazidi. Baadhi ya fulu walikuwa wakila mwani na mabaki, kwa hiyo kupungua kwao kuligusa maji yenyewe. Na kwa kuwa mbuta ana mafuta mengi, hakukubali kuanikwa juani kama fulu, alihitaji moshi, na moshi ulihitaji kuni, na kuni zikatoka kwenye miti ya kandokando ya ziwa. Ongeza maji machafu ya miji na gugu maji lililoingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Unaweza kumchunguza mbuta peke yake, omena peke yake na gugu peke yake, ukaandika sura tatu nzuri, na bado ziwa likakupita. Ziwa halikutatana hata litatuliwe, limechangamana.

Wala tofauti hii si ya kwetu tu. Mwaka 1948 Mmarekani Warren Weaver alizigawa hoja za sayansi katika makundi matatu: zile sahili zenye vigeu (vitu vinavyobadilika) vichache, zile zenye vitu vingi mno vinavyokwenda ovyo hata vikahesabiwa kwa wastani, na zile za katikati ambazo vitu ni vingi lakini vina mpangilio na vinategemeana. Kundi hilo la tatu ndilo unaloliandikia. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2021 ilipotolewa kwa Syukuro Manabe, Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi, ilitolewa kwa mchango wao katika kuielewa mifumo ya aina hiyo, wawili wa kwanza kuhusu hali ya hewa ya dunia. Anayetafsiri habari kama hiyo kwa "mifumo tata" anamwambia msomaji kwamba wazee hawa walituzwa kwa kufungua mafundo.

Sasa "changamani" au "changamano". Nakiri kwamba yote mawili yamo vitabuni, kama vile "nomino ambatani" na "nomino ambatano" zinavyoshindana, kwa hiyo msimamizi wako hakubuni kitu. Lakini yatazame maneno ya ukoo huu yaliyokwisha kukomaa: msongamano, mshikamano, maandamano, fungamano, utangamano. Hakuna hata moja linaloishia kwa -i. Irabu -i katika Kiswahili hupenda kumtaja mtenda, kama mpishi na msomi, ilhali -o hupenda kutaja tendo au zao la tendo. Isitoshe, mwanafunzi wa Kenya ameshafundishwa sentensi sahili, sentensi ambatano na sentensi changamano, na sioni faida ya kumpa umbo la pili kwa dhana iliyo jirani. Neno hili, likitumika kama kivumishi, halichukui upatanisho: ni mfumo changamano, mifumo changamano, wala si "mifumo michangamano" wala "mifumo ya changamano". Halafu uwe macho na simu yako isije ikakubadilishia neno. Nimewahi kusahihisha insha iliyozungumzia "mifumo changamfu" kurasa kumi nzima, na mwandishi wake hakutambua kwamba alikuwa akisifu mifumo yenye bashasha.

Kuhusu "mbinu za kikompyuta", kosa si la sarufi. Kiambishi ki- cha namna kinakubalika, na iwapo chuo chako kinapendelea "za kitarakilishi", sitakupinga, ingawa nje ya darasa silisikii neno hilo likitumika. Tatizo langu ni kwamba unaitaja mashine ilhali unachokusudia ni kazi. Thomas Schelling, mwanauchumi wa Marekani, alichapisha mwaka 1971 kazi ambayo hakuna mapitio ya fani hii yanayoiruka. Alichora miraba, akapanga juu yake sarafu za aina mbili, akazihamisha kwa mkono kwa kanuni moja: sarafu isiyo na majirani wa kutosha wa aina yake ihame. Mtaa wa sarafu ukagawanyika pande mbili, ingawa hakuna sarafu iliyodai kutengwa. Kadhalika Waskoti Kermack na McKendrick waliandika mwaka 1927 milinganyo ya kuenea kwa magonjwa, kabla ya kompyuta tunazozijua. Ukisema "za kikompyuta", umewafungia nje waasisi wa taaluma yako. Kitenzi tunacho: kukokotoa, ambacho kila mtoto wa shule ya msingi anakijua. Andika "mbinu za ukokotozi", nayo itawapokea mwenye sarafu na mwenye kompyuta.

"Uhakiki" nao uuondoe. Kwetu uhakiki umeshikamana na fasihi, na pia na kuthibitisha, kama katika kuhakiki stakabadhi. Wengine wangeandika "udurusu wa maandishi", na tasnifu nyingi za Kenya zina sura ya jina hilo. Mimi huliepuka kwa sababu kudurusu, kwa masikio ya Mkenya, ni kukesha na daftari kabla ya mtihani. "Mapitio" linatosha: linasema kwamba umepita kwa waliotangulia, ukaona walichokifanya. Chapisho zima la aina hiyo liite "makala ya mapitio".

Hukuniuliza kuhusu maneno mengine, lakini yatakukuta mbele. "Modeli" ni bora kuliko "kielelezo", kwani vielelezo ndivyo michoro yako iliyopewa nambari. Yule anayefuata kanuni ndani ya modeli, awe gari, samaki au sarafu, usimwite "wakala", maana wakala hutenda kwa niaba ya mwingine, na huko kwenu Kisumu ni yule wa kibanda cha M-Pesa. "Mtendaji" litakufaa zaidi. "Sifa ibuka" litumie kwa tahadhari, kwa kuwa "masuala ibuka" tumeyazoea kwa maana ya mambo mapya, ilhali sifa unayoizungumzia inaweza kuwa ya kale kama ziwa lenyewe. Ieleze kikamilifu mara ya kwanza. Na mbinu ya Monte Carlo, ile ya kukokotoa kwa kubahatisha namba mara nyingi, iache na jina lake la mji wa michezo ya kamari.

"Tafiti" kama wingi wa utafiti kuna wanaolikataa. Mimi nimelikubali, mradi lipatanishwe ipasavyo: tafiti hizi, tafiti zilizofanywa. Sentensi yako basi isomeke: "Sura hii ni mapitio ya tafiti zilizotumia mbinu za ukokotozi kuchunguza mifumo changamano." Msimamizi wako akiling'ang'ania -i lake, muulize kwa upole alichelewa kufika kazini kwa sababu ya msongamano au kwa sababu ya msongamani.