Mpango wa moto ni wa aliye zamu saa nane usiku

Nimesimamia majengo hapa Unguja kwa miaka mingi, nyumba za wageni za Mji Mkongwe na fleti za kupangisha nje ya mji. Kila ninapoitwa kuangalia jengo jipya, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni mitungi ya kuzimia moto. Imetundikwa ukutani, mshale umo kwenye rangi ya kijani, kikaratasi cha ukaguzi kinaning'inia. Nashukuru, kisha nauliza: usiku yupo nani? Najibiwa kuwa yupo mlinzi. Nikiuliza jina lake, mara nyingi anayenijibu halijui.

Kazi yenyewe inaanzia hapo. Jioni meneja amekwenda kwake, fundi umeme yuko Fuoni, mwenye nyumba yuko Maskati. Moto ukizuka saa nane usiku, roho zote zilizomo ndani ziko mikononi mwa mtu mmoja mwenye tochi na simu isiyo na salio. Mpango ambao haukuandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na hakufundishwa kwa kuutenda, hautamwokoa mtu.

Anzeni na funguo. Kwenye nyumba moja ya wageni tulifanya zoezi usiku, kabla ya msimu. Nilimwambia mlinzi, "Jikoni kunawaka, mlango wa mbele haupitiki. Watoe watu." Kijana yule ni hodari, hakusita hata kidogo. Alipanda ngazi akagonga milango yote, akawashusha wafanyakazi tuliowaweka badala ya wageni, akawapeleka mlango wa nyuma. Mlango una kufuli. Alikuwa na shada la funguo zote zinazofanana, hazina alama, akazijaribu moja baada ya moja huku tochi ameibana kwapani. Ufunguo wa kufuli lile ulikuwa ndani ya droo ya ofisi, na ofisi imefungwa. Watu wamesimama nyuma yake kwenye ujia mwembamba, kimya, wanamtazama mikono. Ungekuwa moto wa kweli, moshi ungewakuta palepale.

Tangu hapo sikubali mlango wa kutokea ufungwe kwa kufuli wakati kuna watu ndani. Weka komeo linalofunguka kwa mkono kutoka ndani, bila ufunguo. Wezi wapo, najua, na ndiyo sababu madirisha yetu yana nondo. Basi angalau dirisha moja kila ghorofa liwe na nondo za kufunguka.

Mji Mkongwe una shida yake ya pekee. Kuta za mawe na chokaa haziungui, lakini dari zimelala juu ya boriti za mikoko, na ngazi nyingi ni za mbao. Boriti zikiungua, sakafu ya mawe inashuka na uzito wake wote. Nyumba yenye uwazi katikati huvuta moshi juu kama bomba la jiko, kwa hiyo aliye ghorofa ya tatu anaweza kuzidiwa na moshi kabla hajaona moto. Na tangu UNESCO ilipouingiza mji katika urithi wa dunia mwaka 2000, huwezi kuamka tu ukabandika ngazi ya chuma nje ya ukuta; kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe na kuna utaratibu. Ngazi ya ndani ndiyo njia pekee ya kutokea katika nyumba nyingi. Ilindeni kama mnavyolinda sanduku la fedha.

Nikikuta dumu la petroli chini ya ngazi, siondoki mpaka litolewe. Tulipokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta ziliingia karibu kila mahali, na tabia ya kuweka mafuta ndani ikabaki. Mafuta yakae nje, penye kivuli na hewa, na jenereta isijazwe ikiwa inaunguruma au bado ya moto. Magodoro ya akiba, makaratasi na viti vilivyovunjika navyo vitoke chini ya ngazi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo inapovuja hutuama chini. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, wala usiguse swichi ya taa, iwe ni kuwasha au kuzima. Mafuta ya kukaangia yakishika moto usimwagie maji. Zima jiko, funika karai kwa mfuniko au sinia, uliache lipoe. Mwezi wa Ramadhani mjihadhari zaidi. Karibu na magharibi majiko yote yanawaka, sambusa na bajia ziko kwenye mafuta, kisha adhana ikilia kila mtu anakimbilia tende na maji. Pangeni mtu mmoja abaki jikoni, afuturie hapohapo. Wakati wa daku ni vivyo hivyo, na watu wamejaa usingizi. Chetezo cha udi nacho kisiachwe chumbani karibu na chandarua hata kwa dakika moja.

Sasa mlinzi. Kwanza atoe watu, mtungi baadaye. Mtungi wa unga wa kilo 6 unakwisha kabla ya nusu dakika, kwa hiyo unafaa kwa moto wa ukubwa wa ndoo, si wa chumba. Avute pini, alenge chini ya moto, abonyeze, afagie kushoto na kulia, huku mlango uko mgongoni mwake. Kila zamu akabidhiwe karatasi ya wageni waliolala, kwa vyumba, ikitaja mzee, mtoto na asiyeweza kutembea vizuri. Hao wapewe vyumba vya chini tangu wanapofika. Mahali pa kukusanyika pawe panajulikana na kila mtu, na pasiwe kwenye uchochoro huohuo ambao zimamoto watapita na mipira yao.

Maana gari lao haliingii Kiponda wala Mkunazini. Litasimama barabarani, wao watakuja kwa miguu, usiku, katika vichochoro vinavyompoteza hata mwenyeji wa Ng'ambo, mitaa ya jirani tu ya mji huuhuu. Lazima mtu awasubiri pale barabarani. Mlinzi hawezi kuwa pawili, basi mwombeni jirani, tena mapema, mkiwa mmekaa barazani kwa heshima, na sheha ajue. Sijapata kukataliwa na jirani kwa ombi hili. Moto wa kwako ni wa kwake pia, ukuta ni mmoja.

Wenye hoteli za makuti kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, kwenu naongeza neno moja. Paa la makuti likishashika, msilipiganie. Wakati wa kaskazi makuti ni makavu na upepo unarusha cheche hadi banda la pili. Toeni watu, wapelekeni upande upepo unakotoka.

Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji waalikeni kabla ya shida. Wakifika, mlinzi wa usiku ndiye awapokee barabarani na kuwatembeza hadi mlangoni, meneja akae pembeni.