Kwa nini Camarón de la Isla anaheshimiwa kiasi hiki

Ndugu uliyeuliza kwa nini kila anayezungumzia flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa Hispania, humtaja mwimbaji Camarón de la Isla ilhali alifariki akiwa na miaka 41 tu, jibu langu ni kwamba aliubadilisha uimbaji huo bila kuuvunja. Jina lake halisi ni José Monje Cruz, aliyezaliwa mwaka 1950 San Fernando, karibu na mji wa Cádiz kusini mwa Hispania, katika familia ya Wagitano (Waroma wa Hispania) ya baba mhunzi. Jina la Camarón, yaani uduvi, alipewa na mjomba wake kwa sababu alikuwa mwembamba na mweupe. Akiwa mtoto aliimba kwa ajili ya kupata riziki, kisha akahamia Madrid, ambako alikutana na mpiga gitaa Paco de Lucía, wakarekodi pamoja albamu nyingi kuanzia mwaka 1969.

Hata hivyo, ukitaka kumwelewa, sikiliza albamu yake La leyenda del tiempo ya mwaka 1979, ambamo mashairi ya mshairi wa Hispania Federico García Lorca yanaimbwa pamoja na gitaa la umeme, besi na ngoma za kisasa. Wapenzi wengi wa flamenko ya jadi waliikataa na mauzo yakawa duni, lakini leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za muziki wa Hispania, na kwa maoni yangu heshima hiyo ilichelewa mno. Saratani ya mapafu ilimuua Julai 1992, na maelfu ya watu walifurika San Fernando kumzika.