Kabla ya Kumeza Dawa ya Maumivu, Zijue Prostaglandini

Katika kazi yangu ya ufamasia, dawa za maumivu ndizo ninazoulizwa mara nyingi kuliko nyingine, na ndizo watu wanazozimeza bila woga. Akiumwa kiuno, jino au kichwa, mtu huomba diklofenaki au aibuprofeni, hulipa na kwenda zake. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujameza vidonge hivyo, ufahamu unazuia kitu gani mwilini mwako, kwa sababu kitu hicho hicho kinachochochea maumivu ndicho kinacholinda tumbo lako na figo zako.

Kitu chenyewe ni prostaglandini. Seli huzitengeneza pale zinapohitajika, kutokana na asidi ya mafuta iliyomo katika kuta zake, na baada ya muda mfupi huwa zimekwisha. Kazi yake hutegemea mahali zilipo. Kwenye kifundo kilichoteguka hutanua mishipa ya damu na kuzifanya neva zihisi maumivu upesi. Kwenye ubongo hupandisha homa. Tumboni huchochea ute unaozuia asidi isile ukuta wa tumbo. Kwenye figo husaidia damu iendelee kufika hata mwili unapokuwa na upungufu wa maji. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wake, na mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Uswidi. Tatizo ni kwamba dawa ya kundi hili, iwe aspirini, diklofenaki au aibuprofeni, ikishaingia kwenye damu huzuia prostaglandini za goti na za tumbo kwa pamoja. Zilibuniwa dawa za kuchagua zaidi, yaani zinazolenga prostaglandini za maumivu na kuziacha zaidi zile za tumbo, lakini mojawapo, rofekoksibu, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Kuna bibi mmoja alinifungulia fundo la khanga juu ya meza ya dawa, ndani yake mkiwa na vidonge na kapsuli vilivyochanganyika. "Hivi vya magoti, mjukuu wangu," aliniambia, "na hizi za kiuno." Vidonge vilikuwa diklofenaki na kapsuli zilikuwa piroksikamu, dawa za kundi moja zenye kazi moja, alizozipata mahali tofauti. Nilipomuuliza kuhusu tumbo alisema linawaka, hasa usiku, na kwamba siku hizo choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Choo cha namna hiyo ni dalili ya damu inayovuja tumboni, naye alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ninasisitiza: usichanganye dawa mbili za kundi hili, beba dawa zako zote unapokwenda kununua nyingine, na usome jina la dawa yenyewe badala ya kuangalia rangi yake. Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo asizinunue kabisa bila kumwona daktari. Kula kabla ya kumeza hupunguza kichefuchefu, lakini hakuzuii kidonda, kwani dawa hufika kwenye ukuta wa tumbo kupitia damu pia.

Kwa maumivu ya hedhi, hata hivyo, dawa hizi zina manufaa makubwa, na inanisikitisha kuona wasichana wakiambiwa wavumilie. Siku za hedhi utando wa ndani wa mji wa mimba hutoa prostaglandini nyingi zinazoubana msuli wake, ndipo tumbo hunyonga na wengine hutapika au kuharisha. Anayefaa kutumia aibuprofeni, yaani asiye na vidonda, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi au mzio wake, aanze mara damu inapotoka, asisubiri maumivu yakomae. Kwa mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa sita hadi nane, zisizidi 1,200 kwa siku bila agizo la daktari, kwa siku mbili au tatu za mwanzo. Maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi yanahitaji uchunguzi, si kuongeza vidonge.

Wanaotumia dawa za presha wawe waangalifu zaidi, hasa wanaomeza pia dawa ya kupunguza maji mwilini, maana diklofenaki ikiongezwa juu yake figo zinaweza kushindwa kazi, na presha yenyewe hupanda. Anayeharisha au kutapika sana naye aziache. Vivyo hivyo kwa homa inayodhaniwa kuwa ya dengue, ambayo Dar es Salaam iliifahamu vizuri katika mlipuko wa mwaka 2019: tumia parasetamoli, usiguse aspirini wala aibuprofeni, kwa sababu huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Parasetamoli nayo ina mpaka wake, gramu nne kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge vinane vya miligramu 500.

Kwa wajawazito, dawa hizi huepukwa kuanzia wiki ya 20, isipokuwa kwa agizo la daktari, kwani zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Miezi ya mwisho zinaweza kuufunga mapema mshipa ambao damu yake hupitia ili kuyakwepa mapafu. Mwambie muuzaji kwamba una mimba na ni ya wiki ngapi, hata kama tumbo bado halijaonekana.